Huyu Amebeba Beseni Ni Nani?

Simu ilinikuta kwenye matatu, barabara ya Juja, nimebanwa kati ya dirisha na mama aliyepakata trei ya mayai. Alikuwa mteja wangu wa soko la Kariakor, Nairobi, aliyeniagiza nimpigie picha za viondo, vile vikapu vya kusukwa anavyouza. Nikapokea kwa ile sauti ya heshima ninayowawekea wateja ambao hawajalipa nusu ya pili. Hakunipa nafasi ya kusalimu, na mama wa rika lake akiruka salamu ujue pameharibika.

"Kijana wangu, huyu amebeba beseni ni nani?"

"Habari ya asubuhi, mama."

"Habari tutaulizana baadaye. Huyu aliyejifunga leso. Ni mwanamume ama ni macho yangu? Ana ndevu! Na mbona amebeba beseni? Mimi nauza mabeseni?"

Mama wa mayai akageuza shingo, akanitazama vizuri.

Jana yake jioni nilikuwa nimemtumia picha sita kwa WhatsApp. Nilizipiga asubuhi na mapema nyuma ya soko. Msaidizi wangu nilimkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamfunga leso ya mke wangu kichwani, kisha nikamtwika beseni la bluu la plastiki badala ya kiondo kwa sababu viondo vyenyewe vya kupigwa picha vilikuwa bado havijafika mjini. Kwangu mimi zile picha zilikuwa na kila kitu. Zilinionyesha mwanga wa saa ile unapita pengo gani kati ya vibanda, ukuta wa mabati mekundu unakaaje nyuma ya mtu, na nisimame hatua ngapi ili mikono na mzigo viingie kwenye fremu moja. Nilizitazama usiku ule nikalala nimeridhika. Yeye alizitazama asubuhi akaona kijana mwenye ndevu amebeba beseni, akajiuliza pesa zake zimeenda wapi.

Na hakukosea. Niliyekosea ni mimi, na lilikuwa kosa ambalo nilikuwa nimelifanya mara nyingi kabla yake, ila wateja wengine walikuwa na adabu ya kunyamaza.

Picha hizi za majaribio, za kabla ya siku ya kazi, mimi huziita picha za rafu. Neno nimelitoa shuleni, kwenye lile daftari la rafu ambalo mwalimu hakulisahihisha, ambamo ulikokotoa hesabu kwa fujo kabla ya kuinakili safi. Kuna wakati nilitaka kujikweza kwa Kiswahili sanifu, nikamwandikia dada mmoja wa ofisini kwamba "nitakutumia picha chafu kabla ya siku ya kazi." Alijibu neno moja: "Samahani?" Tangu siku hiyo ni rafu tu.

Kazi hii nilijifunza kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio juu ya duka la vipuri, Kirinyaga Road, kwenye ghorofa ambayo ngazi zake zilinuka oili ya gia mpaka mlangoni. Nilifika kwake mwaka 2004 nikiwa sijui hata kufungua miguu ya kamera. Mzee alikuwa na kamera ya filamu pana, ile ya fremu ya mraba, ambayo mgongo wake unavuliwa na kuvalishwa mwingine. Kazi yenyewe aliipiga kwa mgongo wa filamu ya kawaida, ya kupelekwa kusafishwa. Ila kabla ya hapo, taa zikishapangwa na mteja ameshakaa kitini, mzee aliuvua mgongo ule akavalisha wa Polaroid, akapiga moja tu. Ile filamu ilikuwa ghali, na mzee alikuwa mtu wa kuhesabu.

Alivuta karatasi kutoka ubavuni mwa kamera, na kama ni Julai, baridi imekaza na madirisha yana ukungu, aliitia kwapani kwa sababu dawa ya ndani haifanyi kazi vizuri ikiwa baridi. Akasimama hivyo, mkono umebana, akihesabu kimyakimya huku mteja akimshangaa. Kisha akaibandua, harufu kali ikapanda, na ndani kulikuwa na kijipicha cha mraba cha sentimita sita hivi, bado kina majimaji, kikiwa kimezungukwa na weusi mahali ambapo mwanga haukufika. Rangi zilikuwa zao wenyewe, si za mtu aliyekaa pale. Mzee alimpa mteja akishike pembeni kwa vidole viwili na kumwambia, "Usiangalie uso wako. Angalia mahali umekaa."

Na mteja aliangalia mahali amekaa! Hakuna aliyesema ngozi yake imetoka kijani. Hakuna aliyeuliza kama hiyo ndiyo ataweka sebuleni. Kile kijipicha kilijitangaza chenyewe kuwa ni rafu: kidogo, kimelowa, kinanuka, kingoni cheusi. Watu walisema "mkono huu uteremke kidogo" au "hilo pazia mtoe," basi, mzee akarudisha mgongo wa filamu na kazi ikaanza.

Kampuni ya Polaroid, ambayo filamu yake ya papo hapo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947, ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kuitengeneza. Fujifilm waliendelea na ile ya kubandua hadi mwaka 2016 walipotangaza kusitisha ya mwisho, FP-100C. Lakini sisi wa Kirinyaga Road tulikuwa tumeshaiacha kitambo, tangu kamera ya dijitali ilipopanda zile ngazi. Mzee aliishika, akaigeuza, akaona picha imetokea nyuma papo hapo bila kwapa, akacheka. Sote tulidhani tumepata Polaroid ya bure isiyoisha.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa tulichopoteza siku ile. Siku hizi rafu na kazi iliyokamilika zinatoka kwenye mashine moja, kwa lenzi moja, na zinaonekana kwenye kioo kilekile cha simu, zote kubwa na zote zinang'aa. Mteja atajuaje kwamba hii ni swali na ile ni jibu? Zamani karatasi ilimwambia. Sasa ni mimi wa kumwambia, na nilikuwa simwambii.

Kosa langu lililonigharimu zaidi halikuwa hili la beseni. Beseni lilikuwa rafu mbaya mno. Lile jingine lilikuwa rafu nzuri mno.

Kampuni moja, jina lake halitusaidii hapa, iliniita niwapige viongozi wake picha juu ya paa la jengo lao, jiji likiwa nyuma, na KICC, lile jumba refu la mikutano, ikionekana juu ya bega la kushoto. Nilipanda kufanya majaribio mwezi wa Julai. Wanaoijua Nairobi wanaijua Julai: wingu limefunika kutoka asubuhi hadi jioni kama blanketi la kijivu, watu wanavaa makoti hadi saa nane. Watalii hununa. Mpiga picha za watu hushukuru, kwa sababu wingu lile ni taa moja pana iliyoning'inizwa juu ya jiji zima, na haidai umeme. Niliomba askari wa geti, mzee mwenye mabega mapana na masharubu ya kifahari, asimame mahali mkurugenzi angesimama. Nikapiga. Na kwa kuwa nilitaka sana ile kazi, nikaenda nyumbani nikaihariri. Nikaweka wingu uzito, nikang'arisha macho, nikaliwekea jiji rangi ya samawati ya mbali. Ilitoka picha ya kutundikwa.

Dada wa mawasiliano aliipenda kupita kiasi. "Hii ndiyo. Usibadilishe kitu."

Kazi za ofisi zina miguu mizito. Bajeti ikasubiri sahihi, sahihi ikasubiri mtu aliyesafiri, na tulipokuja kupanda tena kwenye lile paa ilikuwa katikati ya Machi. Mkurugenzi alikuwa na mkutano asubuhi yote. Tulimpata saa sita na nusu mchana.

Nieleze kidogo kuhusu jua letu, kwa sababu vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa jua jingine. Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini mwa Ikweta. Huku jua halitembei likizunguka upande wa anga kwa upole. Linapanda kama lifti, karibu digrii 15 kila saa, na mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, linapita juu ya utosi kabisa. Wala halifiki utosini saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya digrii 45, na sisi tuko karibu na ya 37, kwa hiyo jua linachelewa kufika: katikati ya Machi ni kama saa saba kasoro dakika ishirini. Yaani mimi, katika siku zote za mwaka na saa zote za siku, nilimsimamisha mkurugenzi juani karibu kabisa na dakika ambayo kivuli cha mtu kinaingia chini ya viatu vyake.

Paji la uso liliwaka. Macho yakawa mashimo mawili. Pua ikatupa kivuli juu ya mdomo kama masharubu ya kuchora. Nilikuwa nimeunganisha kamera na laptopu, na dada wa mawasiliano akaja akasimama kando yangu, akafungua simu, akaiweka ile picha ya Julai sambamba na kioo.

"Hii ilipigwa na nani?"

"Mimi."

"Basi piga hivi."

Sikuwa na la kusema. Nilimtafuta kijana mmoja wa usafi na msaidizi wangu, wakashika shuka jeupe juu ya kichwa cha mkurugenzi, upepo wa ghorofa ya kumi na ngapi ukalichukua likawa tanga la jahazi. Tulipata picha. Walilipa. Hawakuniita tena, na mimi nisingejiita. Nilikuwa nimewauzia wingu.

Isitoshe, baada ya kazi yule askari wa geti alinisubiri. Kumbe ile rafu ilipendwa hadi ikawekwa kwenye stetasi ya mtu fulani ofisini wiki nzima, na maneno "yanakuja." Mzee alikuwa anacheka lakini si kwa macho. "Kijana, mke wangu ameuliza tangu lini mimi ni mkurugenzi, na mshahara huwa naupeleka wapi." Nilimwomba radhi. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na uso wa mtu ni wake. Lakini hata bila sheria, nilikuwa nimechukua sura ya mtu mzima kama mtu anavyochukua kiti cha plastiki. Sasa anayenisimamia huwa msaidizi wangu, ambaye namlipa na ameridhia, au mimi mwenyewe kwa kuhesabu sekunde kumi na kukimbia.

Baada ya Machi ile niliacha kuhariri rafu. Nikaacha hata rangi: naigeuza nyeusi na nyeupe, naandika pembeni kwa kalamu nene tarehe, saa, na hali ya anga. "Jumanne, saa moja na robo, jua wazi." Nikadhani nimemaliza tatizo. Kumbe bado nilikuwa nazituma kwa simu bila maelezo, ndiyo maana tukafika kwenye beseni.

Kwa hiyo asubuhi ile nilishuka kwenye matatu, nikaingia saiba ya kwanza niliyoiona, yale maduka ya intaneti na kuchapa, nikachapa zile picha sita kwenye karatasi za kawaida, shilingi 10 kila moja, na printa yao ilikuwa na mstari mweupe unaopita katikati ya kila ukurasa. Nikatembea hadi Kariakor nikiwa nimezikunja chini ya kwapa.

Mama alikuwa kwenye kibanda chake, viondo vimepangwa hadi darini, vya mkonge na vya uzi, vyenye mikanda ya ngozi. Alinipa kistuli. Akanipa chai ya flaski kwanza, kwa hivyo nikajua hasira imepungua. Nikamweleza: huyu si mwanamitindo, ni kijana wangu, hili si beseni, ni mahali pa kiondo, nataka uniambie kama mahali penyewe panafaa. Nikampa karatasi na biro.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Mtu ukimpa picha kwenye simu, anaweka vidole viwili na kuvuta. Anaenda moja kwa moja usoni, au kwenye kucha, au kwenye doa la ukuta. Karatasi haivutiki. Unaitazama yote kwa mara moja kama unavyotazama mlango kabla ya kuingia. Na mtu akiwa na biro mkononi mbele ya karatasi mbovu ya saiba, haogopi kuichafua.

Mama alivaa miwani, akatazama ya kwanza kwa muda mrefu. Kisha akachora X kubwa juu ya beseni.

"Mama, hilo beseni ni la muda tu."

"Najua, umeshasema. Si beseni. Ni kichwa." Akagonga karatasi kwa biro. "Kichwani unabeba debe. Kiondo hakikai hapa. Nani amekuambia kiondo hubebwa hivi?"

Hakuna aliyeniambia. Nilitoa akilini mwangu, kutoka kwenye kalenda na mabango ya utalii, mwanamke wa Kiafrika na mzigo utosini. Mama akatazama huku na huku, hakuona cha kunionyeshea kilicho karibu, akanyoosha mkono akaichukua kamera yangu shingoni pangu. Akaitupa mgongoni mwake, akauleta mkanda mbele, akaukaza juu ya paji la uso, chini kidogo ya kitambaa. Akainama mbele mpaka uzito ukakaa. Mikono yake ikawa huru. Akachukua biro na karatasi, akaandika kitu hewani, kunionyesha kwamba mtu wa hivyo anaweza kufanya kazi nyingine akitembea.

"Mama yangu alisuka kiondo akiwa amebeba kiondo," akasema kutoka chini ya mkanda wa kamera yangu. "Kingine mgongoni, kingine mikononi."

Nilitaka sana kupiga picha ile, na kamera ilikuwa mgongoni kwake.

Mteja wa meza ya pili, aliyekuwa anajadili bei ya ndala za shanga, akaacha bei akaja kuangalia. Akaongeza kwamba hata soko lenyewe jina lake ni la wabebaji, limetoka kwa Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mama akamwambia hao walibeba ya Wazungu, hii ni habari nyingine, aendelee na ndala.

Karatasi ya pili: akazungusha duara kwenye mdomo wa beseni. Nilikuwa nimempiga kijana kutoka mbele, beseni limeinuka, ndani hakuonekani. Mama alisema anayejua viondo hatazami maua ya ubavuni. Anakigeuza. Kiondo huanzia kitakoni, msukaji huanza na nyuzi chache pale katikati na kuzunguka akipanda, na mkono uliolegea mwanzoni hauwezi kujificha baadaye. Akashusha kimoja kutoka darini, akakipindua mapajani, akaniwekea kidole changu pale katikati. Palikuwa pagumu kama kifungo cha koti.

"Hapa ndipo unalipia," akasema.

Kwenye rafu zangu zote sita hapakuwa na kitako hata kimoja.

Karatasi ya tatu alikaa nayo kimya. Nilidhani hiyo imepita, na ndiyo niliyoipenda mimi, ile yenye ukuta wa mabati mekundu umewaka kwa jua la asubuhi. Akanirudishia.

"Huu ukuta, hapana."

"Rangi yake inatoa kiondo vizuri, mama."

"Ni wa jirani."

"Tunaweza kumwomba ruhusa."

"Wewe muombe. Mimi na yeye hatuongei tangu mwaka juzi." Akapuliza chai yake. "Niweke viondo vyangu kwa ukuta wake, watu wa hapa wataninunulia nini? Watanunua kicheko."

Nimewahi kusoma mashauri mengi kuhusu kuchagua mandhari ya nyuma. Hakuna hata moja linalosema umuulize mteja ukuta ni wa nani.

Hebu nihesabu. Siku ya kazi tungekuwa na mtu wa kupaka vipodozi wa elfu 4, mwanamitindo, teksi ya kubeba taa, na asubuhi moja tu ya mwanga kabla ya soko kujaa. Mama angefika, angeona kiondo utosini na ukuta wa adui nyuma, na angefanya nini? Angenyamaza. Watu wote wamesimama, mimi naita "safi, safi, hapo hapo," ni nani atainua mkono? Angelipa, angezichukua, na zingekaa kwenye simu yake bila kuonyeshwa mtu. Nina wateja wa aina hiyo. Naona hawajawahi kuzitumia picha zangu na nilikuwa najiuliza kwa nini.

Sasa nikimwonyesha mtu rafu akajibu haraka "iko sawa," moyo unanidunda. "Iko sawa" ya Nairobi ina maana nyingi na chache kati yake ni nzuri. Inaweza kuwa nina haraka, au sijaelewa lakini wewe ndiye fundi, au sipendi ila sitaki kukuvunja moyo. Kwa hiyo siulizi tena "unaonaje?" Nauliza, "Ukilazimishwa utoe kitu kimoja hapa, utatoa nini?" Kila mtu ana kitu cha kutoa. Kuna wenzangu hutega kosa makusudi, wanaacha ndoo ndani ya fremu ili mteja aikosoe ndoo, ajisikie amechangia, aache mengine. Mimi naona hiyo ni dharau. Ukimwekea mtu ndoo ya kukosoa, atakosoa ndoo, na ukuta wa jirani utakupita.

Nikipeleka picha kadhaa nahakikisha zimetofautiana kwa jambo moja tu. Mahali pale pale, mtu yule yule, nimebadilisha kimo cha kamera basi. Zamani nilibadilisha mahali, kimo na taa kwa pamoja, mteja akasema "napenda ya nne" na wote wawili hatukujua amependa nini. Na kwa mtu ambaye hawezi kabisa kutazama kitu nusunusu, na wapo, hata akiona nyumba haijapigwa lipu anahuzunika, simpelekei picha. Namchorea kwa penseli. Binadamu wa mistari hana ndevu za kumsumbua mtu.

Harusini sifanyi rafu. Naenda tu kanisani wiki moja kabla, saa ile ile, nione dirisha linamwaga mwanga wapi. Bibi harusi ana maswali ya kumtosha.

Pesa. Rafu nazitoza, na sizifanyi kabla malipo ya kwanza hayajaingia M-Pesa. Nilijifunza hilo baada ya mteja mmoja kuchukua rafu zangu, kunishukuru, kisha nikaona kwenye bango picha ile ile, mkao ule ule, dirisha lile lile, imepigwa na mwingine. Hakuiba picha yangu. Alichukua wazo, na hakimiliki hulinda picha, hailindi wazo. Halafu kuna hili ambalo wapiga picha wengi hapa hawalijui hadi liwakute: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Basi nina mstari mmoja kwenye kotesheni unaosema rafu ni zangu, si za kutangazwa wala kuwekwa popote. Askari wa geti ndiye aliyeuandika, ingawa hajui.

Tulipiga viondo wiki moja baadaye, saa ile ile. Ilikuwa Januari, anga wazi, jua limetoka saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi na lilikuwa linapanda ile lifti yake. Tulikuwa tumehamia upande wa pili wa soko, kwenye ukuta wa saruji usio wa mtu. Mama alimleta binti wa dada yake, mwenye shingo ndefu na aibu nyingi, akamfunga mkanda kwenye paji la uso yeye mwenyewe, akaukaza, akaulegeza, akaukaza tena. Mtu wa vipodozi alikuwa anaomba nafasi.

Mimi nilikuwa bado na kikombe. Mama akatoa kwenye mkoba karatasi ya saiba iliyokunjwa mara nne, yenye X na maduara yake, na nyuma yake ameandika oda za watu, vikubwa vitatu, vidogo kumi na viwili. Akaivuta mbali na macho ili asome bila miwani.

"Hapa umeandika saa moja na robo." Akatazama saa ya mkononi. "Imebaki dakika nne, na wewe unakunywa chai."

Nikaweka kikombe juu ya ndoo.

"Na wewe wa beseni," akamgeukia msaidizi wangu, "shika hilo shuka jeupe vizuri, jua linamwingia mtoto machoni."

Wa beseni akashika.